Tupeane uzoefu: akwariamu ya kwanza ya maji ya chumvi, mawe yalikutesa vipi?

Mwenye mada (Goma, Himbi)
Wandugu, hapa Goma ukisema unatafuta mawe watu wanakucheka. Ukuta wa parsele ni mawe, choo tunachimba kwenye mawe, na 2002 na 2021 Nyiragongo ikatuongezea mengine. Nikajiuliza, ya nini kununua mawe ya tangi? Nikaokota meusi yenye matundu, nikayachemsha, nikayapanga kwenye lita 120 za maji ya chumvi. Kila wiki pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikishuka, maji yanachachuka) inashuka. Jirani yangu, mwalimu wa kemia, akaja na chupa ya siki. Akadondoshea kipande cha jiwe la matumbawe: povu, chwaa! Akadondoshea la Nyiragongo: kimya. "Hili halina chokaa ya kusaidia pH, litakupendezesha macho tu." Akageuka akaona mbabula ya makala pale sebuleni, akatikisa kichwa. Kumbe hewa ya makala nayo inaingia majini na kuvuta pH chini.

Sasa meusi yako chini, ya matumbawe juu, na wiki sita nilikaa naangalia maji matupu, nikisubiri bakteria waote kwanza. Lile wanaloita jiwe hai, yaani jiwe la baharini lenye viumbe ndani, lenyewe halipumui. Walio hai ni bakteria wa matunduni, wanaogeuza amonia, sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali hivyo. Semeni yenu.

Papa Aline (Bukavu)
Mimi nilijifanya tajiri, nikaagiza mawe hai yenyewe. Kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) kilikuwapo, maana bila hicho usijaribu kuvusha mpaka. Lakini yalilala njiani siku tano ndani ya magazeti yaliyoloweshwa. Kufungua boksi, sponji zote, wale wanyama wa baharini wanaoshikamana na mawe, zimeoza. Mama Aline akatoka jikoni: "Papa Aline, ni panya gani amefia humu?" Nikahamishia mawe kwenye beseni uani, nikayasugua kwa mswaki, nikabadilisha maji mara sijui ngapi. Kipimo cha amonia kilikuwa kijani kibichi kama sombe. Wiki ya tano harufu ikageuka, ikawa ya pwani. Usiku ule nikamulika na tochi: kaa mdogo kama kucha, sikumnunua, anachungulia tunduni. Niliita nyumba nzima.

Mwana Lubumbashi
Ninyi mnalia na harufu, mimi nililia na uzuri. Kwetu malakiti, jiwe la kijani la mapambo, inauzwa hadi barabarani, shemeji akanizawadia kipande cha kijani chenye mistari. Nikakiweka katikati ya tangi. Siku ya pili kamba wangu wawili wamelala ubavu, konokono wamedondoka kioo, samaki wanaogelea kama hakuna msiba. Hilo ndilo lililonifumbua macho: malakiti ni shaba, na shaba kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe kabla haijamgusa samaki. Mawe mengine yalikuwa yameshainyonya, nikatupa yote. Kipande cha shemeji sasa kinazuia mlango.

Dada wa Katindo
Swali la aibu: chumvi ya jikoni haifai?

Mwenye mada
Haifai, dada. Ile karibu yote ni sodiamu na kloridi. Bahari ina kalisi, magnesi na mengine mengi. Tafuta ya akwariamu, gramu kama 35 kwa lita. Na maji yakipungua kwa jua ongeza maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipai na mvuke. Mimi nilikuwa najazia maji ya chumvi, haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya chumvi) ikafika 1.032 badala ya 1.025.

Fundi wa Majengo (Goma)
Mawe hayakunitesa, umeme ndio. Tuko karibu mita 1,500 juu, hewa nyepesi, na maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko ya ziwa. Umeme ukikatika usiku, pampu ikisimama, bakteria wa mawe na samaki wanagombania pumzi ileile. Nina pampu ya betri, na blanketi la kuzungushia kioo, maana baridi ya hapa mnaijua.

Yaya wa Uvira (naishi Bukavu)
Mimi bahari niliiacha kabla ya kuanza. Nina tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika, la maji yasiyo ya chumvi: mchanga, mawe ya ufukweni, na makombe ya konokono. Kuna samaki wadogo wanaofanya makombe hayo kuwa nyumba. Jana dume amesukuma mchanga hadi kombe la jirani likafunikwa lote, jirani yuko nje anazunguka.