Matete ya bwawa letu bonde la Lukuledi: yang'olewe au yaachwe?

Mkulima wa Bondeni: Wadau, mkutano wa kijiji umepitisha kwamba kabla ya mvua za Desemba matete na mayungiyungi yote yang'olewe bwawani, na tope la kingoni likwanguliwe. Sababu ni mbu. Mimi napinga. Kwenye ile mizizi wanaishi mbawakawa wadogo wa maji, hudhurungi, mgongo umebinuka na tumbo ni bapa. Punje ya mchele inawazidi. Wataalamu wanawaita Noteridae. Lava wao, yaani watoto waliotoka kwenye mayai, huchimba topeni katikati ya mizizi. Wakifika hatua ya bundo, kabla ya kuwa mbawakawa kamili, hujijengea kifuko kwenye mzizi hukohuko chini ya maji, na hewa wanaipata kwenye mmea. Ukilikwangua tope, umekwangua kizazi kizima.

Kipepe: Watoto wanalazwa kwa malaria, wewe unamlilia mdudu asiyeonekana! Watu wa bondeni mmedekezwa na maji. Sisi wa Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, tungepata bwawa kama hilo tungelisakafia.

Mkulima wa Bondeni: Tungelisakafia?! Mkuu, bwawa si sebule. Likisakafiwa, huyo kambare unayenunua mnadani atazalia wapi?

Nesi Lindi Vijijini: Jamani, mmesahau kichocho. Konokono wanaoueneza wanajishika kwenye magugu ya maji, na watoto wanaogelea palepale penye matete. Mnapochotea maji na kuogea lazima pafyekwe.

Bibi Harusi wa Tandahimba: Kaka wa bondeni, nimesoma "si sebule" nikachukia. Unajua mama zetu walivyoteremka mteremko mzima kufuata ndoo moja? Kule juu udongo unameza mvua yote, hakuna mto wala dimbwi la kudumu. Usitucheke kwa kupenda sakafu, maana ndiyo iliyotuwekea maji ya paa kisimani.

Kipepe: Asante dada. Waambie.

Mzee wa Korosho: Naona vijana hamjui historia. Maji ya Makonde yalianza kusukumwa kwa pampu tangu enzi za mkoloni.

Mtoto wa Nanganga: Hapana mzee, waliochimba visima ni Wafini, miaka ya 70. Pampu zao za mkono za Nira nimezipampu mwenyewe.

Mzee wa Korosho: Hizo zilikuwa za vijijini huku na huko, kijana. Mimi nasema maji ya Mitema, Kitangari, yanayopandishwa Newala na Tandahimba. Usimsahihishe mtu mzima kwa mambo mawili tofauti.

Bibi Harusi wa Tandahimba: Yote ni kweli, na bado mgao wa maji wa mwezi uliopita haukutufikia. Hilo mbona hamlijadili?

Mkulima wa Bondeni: Dada, samahani kama maneno yamekuuma, sikuwalenga mama zetu. Ila naomba turudi bwawani. Kuna dawa ya kiwanda cha Kibaha, kile tulichojenga na Wacuba. Ni bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu, mbawakawa haiwagusi. Kwa nini tung'oe kila kitu wakati dawa ipo nchini?

Kipepe: Dawa nani analipia? Wewe na mbawakawa wako?

Mkulima wa Bondeni: Hela ya kukodi ekskaveta imepatikana, ya dawa ikosekane? Kipepe, umeshawahi hata kuingiza mkono kwenye tope la bwawa? Ng'oa tete moja ulitikise juu ya beseni jeupe, utawaona wanavyokimbilia gizani.

Mtoto wa Nanganga: Kwa hiyo Nesi anasema fyeka, wewe unasema acha. Fyekeni upande wa kuchotea maji, upande wa mpunga uachwe. Tatizo liko wapi?

Nesi Lindi Vijijini: Hicho ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Mzee wa Korosho: Upande wa mpunga ndiko salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, inakopeperukia kila Juni. Nani ameuliza wadudu wanaishije na hiyo?

Kipepe: Mzee, sasa unataka tuache kupulizia salfa? Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukila maua, ada ya shule utalipa wewe?

Mzee wa Korosho: Nina mikorosho kabla hujazaliwa, usinifundishe ubwiriunga. Bei ya mfuko wa salfa msimu huu imefika ngapi huko kwenu?