Mdogo wangu ana TB na VVU gerezani, na huenda akaachiwa kabla dawa hazijaisha. Naomba ushauri

Yaya_wa_Katuba

Jambo wandugu. Niko Lubumbashi, Katuba. Mwenye ujuzi anisaidie, maana kwetu hakuna wa kumuuliza.

Mdogo wangu wa kiume yuko gerezani tangu mwaka jana, bado hajahukumiwa. Alianza kukohoa, homa kila jioni, usiku jasho mpaka fulana inakamuliwa. Alikonda hivi kwamba siku moja nilimpita pale kwa wageni bila kumtambua. Walichukua makohozi wakapima kwa ile mashine ya GeneXpert, wakakuta TB. Kisha wakampima damu, wakakuta na VVU. Ameanza vidonge vya TB, na kabla ya wiki mbili kwisha muuguzi wa gereza akamuanzishia ARV pia. Mpaka hapo nashukuru.

Sasa avoka (wakili) wetu amenipigia, anasema dosye imesogea kule parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, mdogo wangu anaweza kuachiwa kwa muda wakati wowote mwezi huu. Nyumbani ni vigelegele. Mimi nafurahi na kuogopa kwa pamoja, kwa sababu dawa za TB ni miezi sita na yeye hajamaliza hata wa pili. Atatoka na nini mkononi? Wanaoachiwa wanasomwa majina jioni, wanafunga mzigo, wanatoka, kwa muuguzi hawapiti. Na nyumbani kuna mke wake, mtoto wa miaka miwili, na mama yetu ambaye anajua habari ya TB tu.

Tena jirani ananiambia ARV aziache kwanza mpaka amalize za TB, ati zikikutana zinaharibu ini. Ni kweli?

Kamalondo_Mzalendo

Pole sana dada. Huyo jirani hajakosea. Shangazi yangu naye aliambiwa asichanganye. Vidonge ni vingi mno kwa mtu anayekula mara moja kwa siku. Ningekuwa mimi, angemaliza za TB kwanza.

Muuguzi_wa_kifua

Ndugu Kamalondo, kwa heshima zote, hapo mtu anaweza kupoteza maisha. Nafanya kazi kwenye CSDT, kituo cha kupima na kutibu TB. Miaka ya nyuma ARV zilikuwa zinacheleweshwa, ni kweli. Leo OMS, Shirika la Afya Duniani, inataka zianze ndani ya wiki mbili baada ya dawa za TB, hata kama kinga ya mgonjwa bado inaonekana nzuri. Wanaosubirishwa ni wenye TB ya utando wa ubongo, wiki 4 hadi 8. TB ndiyo inayoongoza kuua watu wenye VVU. Ukiacha kinga ichelewe kurudi, umeipa nafasi.

Dada, kitu cha kweli ndani ya maneno ya jirani ni hiki. Rifampisini, ile dawa ya TB inayofanya mkojo uwe rangi ya chungwa, hulifanya ini liondoe dolutegravir, moja ya ARV zake, mwilini haraka kupita kawaida. Kwa hiyo hatuachi ARV, tunaongeza. Asubuhi anameza kidonge cha kawaida cha TLD, kile cha ARV chenye dolutegravir ndani, jioni anameza dolutegravir miligramu 50 peke yake. Hivyo hivyo mpaka wiki mbili baada ya kumaliza TB. Muulize mdogo wako kama ana hicho kidonge cha jioni. Nakaza hapa kwa sababu mtu akitoka gerezani akaenda kituo cha ARV bila kusema ana TB, atapewa kimoja kwa siku, na virusi vitapata mwanya.

Kuhusu kutoka: usingoje jina lisomwe. Nenda sasa kwa muuguzi wa gereza, umwombe aandae karatasi ya uhamisho na kuacha nafasi ya tarehe. Iandikwe siku aliyoanza TB, yuko awamu gani, majibu ya GeneXpert (hasa kama rifampisini inafanya kazi au la), uzito wake, ARV anazotumia na tangu lini. Piga picha ya kadi yake ya matibabu kwa simu yako. Kisha nenda CSDT iliyo karibu na nyumbani, waambie mgonjwa anakuja. Dawa za TB hapa Kongo ni bure, asikudanganye mtu. Mwisho wa mwezi wa pili lazima makohozi yapimwe tena, halafu wa tano na wa sita. Hakikisha kituo kipya kinajua zamu hiyo inaangukia wapi.

Na mimi nawaomba wote mnaosoma: asianze kuhesabu upya kwa kujikisia nyumbani, wala asikae hata siku chache "akipumzika".

Tata_Ruashi

Mimi nilipitia huko huko. Nilitoka nikiwa mwezi wa tatu wa dawa, bila karatasi. Kilichoniokoa ni dada yangu aliyeniburuta kituoni kesho yake asubuhi na pakiti tupu mkononi, wakajua ni dawa gani. Rafiki yangu tuliyelala bega kwa bega alitoka wiki hiyo hiyo, akajisikia mzima, akaenda kuchimba Kolwezi. Alirudishwa mgongoni mwa mtu, safari hii TB haisikii dawa za kwanza.

Dada, mle ndani hewa ni moja kwa watu wengi. Ukitaka kulala karibu na dirisha unamlipa kapita, yaani mkubwa wa wafungwa. Ndiyo maana TB inawapata wafungwa karibu mara kumi kuliko watu wa nje. Kwa hiyo mdogo wako asionekane amejitakia.

Kwa sasa anapobaki ndani, mpelekee chakula. Bukari na ndagala inatosha, hata karanga. Vidonge kwenye tumbo tupu vilikuwa vinanifanya nitapike, na niliona wenzangu wakivibadilisha kwa sigara na chakula. Bora kila mara unapomtembelea umuulize polepole: vya asubuhi umemeza? vya jioni?

Avoka_Kampemba

Naongeza la sheria. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kanuni ya 24, zinataka huduma ya afya gerezani iungane na ile ya nje ili matibabu yasikatike, na VVU na TB vimetajwa humo kwa majina. Mwambie avoka wenu aweke nakala ya karatasi ya uhamisho kwenye dosye. Mzee Mandela mwenyewe alikutwa na TB mwaka 1988 akiwa mfungwa wa gereza la Pollsmoor kule Afrika Kusini, akatibiwa akapona. Mama yenu akiogopa, mwambieni hilo.

Kuhusu VVU, sheria yetu namba 08/011 ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya mgonjwa. Hamlazimiki kumwambia mama. Mke ni habari nyingine: mume amwambie mwenyewe, ikiwezekana mbele ya mshauri wa kituo.

Yaya_wa_Katuba

Mungu awabariki wote. Nimemwona muuguzi wa gereza, ameijaza karatasi vizuri, kidonge cha jioni kipo. Mdogo wangu alikubali nimlete mke wake, akamwambia pale pale. Alilia, lakini hakuondoka. Ila sasa mdogo wangu anasema tezi za shingo zimevimba na homa imerudi tangu aanze ARV. Anataka kuziacha. Na mtoto je, alale chumba kimoja na baba yake?

Muuguzi_wa_kifua

Asiache! Mara nyingi hiyo ni kinga inaamka na kupigana na TB iliyokuwa imejificha. Lakini aonwe na daktari leo au kesho, maana daktari ndiye wa kuhakikisha si TB sugu wala ugonjwa mwingine. Macho yakiwa ya njano, au akianza kuona vibaya, hiyo ni dharura, asisubiri hata usiku mmoja. Miguu ikiwaka kama moto, aombe vitamini B6. Na kotrimoksazoli, ile watu wanaita Bactrim, aendelee nayo.

Mtoto aletwe kabla baba hajatoka. Tutampima uzito, tutamsikiliza kifua, na kama hana TB tutampa dawa ya kuzuia, maana wa chini ya miaka mitano TB inawaendea vibaya sana. Mama yenu naye aje apimwe kifua. Mke apime VVU. Kama bado ananyonyesha aseme, mtoto atapimwa pia. Kulala: baba alale chumba chenye dirisha wazi mpaka kituo kiseme makohozi ni safi. Sahani na vikombe havina neno, msimtengee.

Yaya_wa_Katuba

Ananyonyesha bado. Twende siku gani?

Muuguzi_wa_kifua

Kesho asubuhi, msisubiri Jumatatu. Kuna watu wa Club des Amis Damien kwenye vituo vingi, wenyewe waliugua TB wakapona. Ulizia mmoja awe anamfuatilia mdogo wako nyumbani akitoka. Leteni kijitabu cha uzito cha mtoto na ile picha ya kadi.