Naomba ushauri: Luxor tumezungushwa, mama hakuona alichokifuata

Habari zenu wakuu. Niko Misri na mama yangu, aliyekuja kunitembelea. Hamu yake ilikuwa moja: michoro ya safari ya kwenda Punt (nchi ya kale Wamisri waliyofanya nayo biashara) kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut, Deir el-Bahari, ng'ambo ya magharibi ya Nile.

Tukampata kijana wa kututembeza pale stesheni ya treni, akachukua hela yote asubuhi. Hekalu la Karnak, kwenye ukumbi wa nguzo 134, alitupa dakika 20, na kila swali alijibu "ni ya zamani sana". Halafu akatukalisha saa mbili duka la vinyago vya alabasta. Tulipovuka mto, hekalu limeshafungwa. Nimempigia simu, hapokei. Hotelini hawamjui.

Mama hakulalamika, alinyamaza tu njia nzima, na hilo ndilo linaloniuma. Amebakiza siku 6.

Mliowahi kufika: mtembezaji mwenye leseni namtambuaje kabla sijatoa hela? Na je, twaweza kwenda wenyewe kwa kivuko na teksi? Michoro iko ngazi ya pili ya hekalu, njia ya kupandia ni ndefu, na magoti yanamsumbua.