Ninatarajia kujifungua mwezi wa 3: niombeje kuhamishiwa nyumba nyingine ya watumishi?

Mwalimu wa Kata ya Mbali

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kata moja ya mkoa wa Tabora, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka mjini barabara inapokuwa kavu. Nina ujauzito wa wiki 22, ambao ni wa kwanza, na kwa hesabu ya kliniki ninatarajia kujifungua katikati ya mwezi wa 3. Mume wangu anafanya kazi Urambo na huja mwisho wa juma anapopata nafasi.

Ninaishi katika nyumba ya walimu yenye vyumba viwili na sebule ndogo. Mwalimu mwenzangu, mkewe na watoto wao wawili wanatumia chumba kimoja na sebule, nami nina chumba kilichobaki, ambacho nimekipima kwa hatua zangu nikapata nne kwa tatu. Humo mna kitanda, meza ninayosahihishia madaftari, ndoo mbili za maji na jiko la mkaa ambalo hulala ndani kwa sababu nje huibwa. Darini wamejaa popo. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yalipenya kwenye matundu ya misumari ya bati, yakateremka na uchafu wa popo, yakachora mstari wa kahawia ukutani mpaka kwenye mto wa kulalia. Nilisogeza kitanda, na sasa mlango unafunguka nusu tu, kwa hiyo ninaingia chumbani kwangu kwa ubavu.

Katika kiwanja cha ofisi ya kata kuna nyumba ya watumishi iliyo wazi tangu mwezi wa 7, baada ya mtumishi aliyekuwemo kuhamishwa. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba nyumba hiyo si ya shule, mtendaji wa kata akasema ni ya idara ya kilimo, na nilipofika makao makuu ya halmashauri, mtumishi niliyemkuta mezani alinijibu kwamba mimba si kigezo kwa kuwa ni ya miezi 9 tu. Niliondoka pale nikiwa nimeumia sana. Naomba kufahamishwa ni nani hasa mwenye mamlaka ya kugawa nyumba hizi, kama ujauzito unanipa haki yoyote, na kama ninaweza kuingia katika nyumba ile wakati ninasubiri majibu, maana mtendaji ana ufunguo na ameonyesha kunihurumia.

Mzee wa Masjala

Binti yangu, hongera na pole kwa pamoja. Nimefanya kazi katika ofisi za utumishi za halmashauri zaidi ya moja hadi nilipostaafu, na barua za namna hii zimepita mikononi mwangu nyingi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na mamlaka. Nyumba zilizojengwa na halmashauri, ziwe zilijengwa kwa fedha za elimu, za afya au za kilimo, ni mali ya halmashauri, na msimamizi wa mali ya halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Usemi kwamba nyumba fulani ni ya idara fulani ni mazoea ya kiofisi yenye maana yake, kwa sababu mkuu wa idara husika ataulizwa kama anamtarajia mtumishi mpya, lakini hauzuii mtumishi wa idara nyingine kupangiwa nyumba hiyo iwapo imekaa wazi. Usipoteze nauli kwenda Wakala wa Majengo, ambao ulianzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya majengo ya Serikali Kuu, wala Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lipo tangu mwaka 1962 na hupangisha kwa mkataba nyumba zake lenyewe. Jambo lako linaishia halmashauri.

Kuhusu haki, ni lazima nikueleze ukweli hata kama haupendezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na baada ya hapo inampa nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Haisemi neno lolote juu ya nyumba. Kwa hiyo ukiandika kwamba una haki ya nyumba kwa sababu ni mjamzito, atakayesoma atafungua sheria, hataona kifungu, na barua itafungwa kwenye jalada. Andika juu ya chumba. Eleza ukubwa wake, idadi ya watu walio katika nyumba hiyo, maji yanavyopita, popo, jiko na kitanda chini ya paa moja, kisha useme kwamba kuanzia mwezi wa 3 mtoto mchanga atalala humo. Yule aliyekuambia kwamba mimba ni ya miezi 9 amekosea hesabu, kwa sababu nyumba unaiomba kwa ajili ya mtoto ambaye ataishi ndani yake kwa miaka.

Zile saa mbili za kunyonyesha nazo zitaje, kwa kuwa zinakusaidia. Kama nyumba iliyo wazi iko karibu na shule, sema ni dakika ngapi kwa miguu, ili mwajiri aone kwamba utakwenda kunyonyesha na kurudi darasani bila kipindi kupotea.

Barua iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipitie kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata, na kila mmoja aandike maoni yake na kugonga muhuri. Kichwa chake kisomeke "Yah: Maombi ya kuhamishiwa nyumba nyingine ya watumishi", na nyumba yenyewe itajwe mahali ilipo, usiseme tu "nyumba yoyote", kwani ombi lisilo na nyumba halina pa kushikwa. Mwishoni omba kwamba mhandisi wa ujenzi wa halmashauri aje akikague chumba chako. Ombi hilo la mwisho watu wengi hulisahau, na ndilo linaloilazimisha ofisi kufanya kitu, kwa sababu taarifa ya ukaguzi ikishaandikwa, haiwezekani tena kudai kwamba hapakuwa na tatizo. Usiombe ukarabati peke yake. Mwaka wa fedha huishia tarehe 30 mwezi wa 6, na utajibiwa kwamba fungu la ukarabati lisubiriwe katika bajeti ijayo, wakati wewe utakuwa umeshajifungua.

Barua ipeleke masjala wewe mwenyewe ukiwa na nakala mbili, na usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Zikipita siku 14 bila jibu, andika barua ya kukumbushia na uirejee ile ya kwanza kwa tarehe yake. Sheria niliyoitaja inataka mwajiri ajulishwe nia ya kwenda likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha tabibu, kwa hiyo barua zote mbili zipeleke siku moja. Mwakilishi wa Chama cha Walimu katika eneo lako mpe nakala.

Baba Wawili, Kigoma

Dada, naomba nikujibu lile swali la kuingia wakati unasubiri, kwa sababu yalitukuta. Tafadhali usiingie.

Mke wangu ni muuguzi katika zahanati moja ya mwambao huku kwetu Kigoma. Alipokuwa na ujauzito wa mtoto wetu wa pili, kiongozi mmoja wa kijiji alitupa ufunguo wa nyumba iliyokuwa wazi kwa nia njema kabisa, akatuambia kwamba barua itafuata. Tulipaka chokaa, nikanunua kitasa kipya, nikaziba nyufa za sakafu kwa saruji yangu. Tulikaa wiki tatu. Jumatano moja jioni alishuka kwenye boti tabibu mpya, mpole, akiwa na begi na barua ya kupangiwa nyumba ileile yenye muhuri wa halmashauri. Hakuna aliyetugombeza, lakini usiku ule mke wangu, mwenye ujauzito wa miezi 8, alikuwa amekaa juu ya gunia la nguo barazani akisubiri nimalize kurudisha godoro kule tulikotoka. Saruji na kitasa sikulipwa, kwa kuwa hapakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba niliwahi kuishi pale.

Mtendaji wako anaweza kukuhurumia kwa namna nyingine, nayo ni kuandika kwamba nyumba iko wazi tangu lini na kwamba yeye hana pingamizi. Karatasi hiyo uiambatishe. Ukishapangiwa, hakikisheni kuna hati ya makabidhiano inayotaja vitasa, vioo, hali ya choo, usomaji wa mita ya maji kama ipo, na saini zenu wote, kabla hujapeleka hata ndoo.

Mkunga wa Isevya

Mwalimu, mzee ameeleza ya ofisini vizuri, nami naongeza ya kliniki, kwa sababu nyumba inaweza kuchelewa na mtoto hatachelewa.

Wiki ya 22 ikiongezwa 5 unafika wiki ya 27, na hapo ndipo miezi 3 ya taarifa inapoanzia, kwa hiyo huna muda mrefu wa kujiuliza. Katika hudhurio lako lijalo mwombe tabibu akuandikie maelezo mafupi yanayotaja tarehe ya matarajio na hali ya makazi uliyomweleza. Sisi hatuwezi kuiamuru halmashauri, lakini tunaweza kuandika kwamba mjamzito anayelala chumba kimoja na jiko la mkaa yuko hatarini. Mkaa uliofifia bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na mtu aliyelala haisikii. Jiko hilo lisiingie ndani likiwa na kaa la moto, hata moja. Ni heri liibwe.

Popo usiwashughulikie wewe. Asipande mtu darini na kufagia uchafu wao ukiwa mkavu, kwani vumbi lake huingia kifuani. Mwombe mwenzako aulowanishe kwanza kwa maji, afunge mdomo na pua kwa kitambaa, nawe uwe nje siku hiyo. Chandarua ulichopewa kliniki kifunge hata kama kitanda kimebanwa ukutani, na vidonge vya SP umeze mbele ya muuguzi kila unapopangiwa, maana mkoa wetu ni miongoni mwa ile yenye malaria nyingi zaidi nchini.

Jambo la mwisho: mimba ya kwanza, mume yuko mbali, barabara hupitika kwa shida wakati wa mvua. Panga sasa ni nani atalala nawe kuanzia wiki ya 36, na namba 115 ya m-mama, ambayo ni ya bure kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, mpe na jirani yako pia. Kama unaweza kusogea mjini kwa ndugu wiki mbili kabla, sogea, barua ya nyumba iwe imejibiwa au haijajibiwa.

Binti Ujiji

Dada yangu, nimezaliwa Ujiji na sasa ninaishi Uingereza, katika nyumba ya halmashauri ya mji. Nimeandika kwa sababu lile neno "mimba si kigezo" nililisikia hata huku, ingawa sheria yao inataja ujauzito waziwazi. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1996 inamweka mjamzito asiye na makazi miongoni mwa wanaotangulizwa, na sheria nyingine ya mwaka 2017 inaipa halmashauri siku 56 za kumsaidia. Lakini mimi sikuwa nimekosa nyumba kabisa. Nilikuwa katika chumba kimoja chenye ukungu, na kwa kipimo cha msongamano cha sheria ya mwaka 1985 mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hahesabiwi, na wa kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 10 ni nusu mtu. Nililia niliposomewa hayo.

Kilichonisaidia ni yaleyale ya mzee. Nilipeleka cheti cha mkunga, ambacho hapa hutolewa kuanzia wiki ya 20, barua ya daktari kuhusu kifua changu, na picha za ukuta uleule nilizopiga kila Jumatatu kwa wiki 6, ili ukungu uonekane ukipanda. Nilihamishwa mtoto akiwa na miezi 5. Piga picha mstari wako wa kahawia kila baada ya mvua, ukiweka rula kando yake.

Mwalimu wa Kata ya Mbali

Shikamoo mzee, shikamoo mkunga, na nyote nawashukuru kwa moyo wote. Jiko limetoka tangu usiku ule niliposoma, na jirani yangu amenikubalia liwe kwenye stoo yake yenye kufuli.

Barua zote mbili nimezipeleka leo. Mwalimu mkuu aliandika maoni marefu kuliko nilivyotarajia, na mtendaji ameandika kwamba nyumba iko wazi na hana pingamizi, kisha akaniambia mwenyewe kwamba ufunguo atautoa kwa barua tu. Niliambatisha picha 4, moja ikionyesha mlango unapokwama kwenye kitanda. Msichana wa masjala aliitazama ile ya mlango kwa muda, akagonga muhuri kwenye nakala yangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekula. Siku 14 zitaishia Jumanne, na barua ya kukumbushia nimeshaiandika, nimeacha nafasi ya tarehe tu.