Wasiwasi wa mtihani na hasira za kazi za makundi: mwanafunzi azitawale vipi hisia zake?

mwelimisha_rika_dom:
Habari za jioni wakuu. Nasimamia waelimishaji rika chuoni, na wiki ijayo tuna kipindi na mwaka wa kwanza kabla mitihani haijaanza. Mada wameichagua wenyewe: akili ya hisia, yaani uwezo wa kuzitambua hisia na kuziongoza. Mabango na semina nyingi zinasema "jitambue", "dhibiti hisia zako", halafu basi. Nataka vitu vinavyofanyika: mtu afanye nini, kwa dakika ngapi, na akikosea anakosea wapi.

Yanayojirudia kwa wanaokuja kwetu ni matatu. Mtu amesoma, lakini akifunua karatasi ya mtihani kila kitu kinafutika. La pili ni ugomvi wa kazi za makundi: usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, mmoja hajafanya sehemu yake, grupu la WhatsApp linawaka moto. La tatu, matokeo ya test yakibandikwa, mtu anajifungia chumbani siku mbili tatu, hali chakula, haongei na mtu.

Na je, hiki ni kitu mtu anazaliwa nacho au anajifunza? Naomba mawazo ya wanaoifahamu mada.

mnasihi_wa_zamu:
Swali zuri. Nianze na la mwisho kwa sababu linaamua mengine yote. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer, waliolifafanua jambo hili mwaka 1990, baadaye waliligawa kwenye uwezo wa aina nne: kutambua hisia kwako na kwa mwenzako, kuzitumia katika kufikiri, kuelewa zinatoka wapi na zinaelekea wapi, na kuziongoza. Watu hutofautiana tangu utotoni, lakini kila kimoja kati ya hivyo vinne kinafundishika. Msiwape vile vidodoso vya "jipime mwenyewe": anayejiona mtulivu kuliko wote anaweza kuwa ndiye asiyejijua kuliko wote.

Waanze na kutambua. Wengi wanarukia kudhibiti kitu ambacho hawajakitaja jina. Kila mmoja awe na daftari dogo au ukurasa kwenye simu, aandike mara tatu kwa siku: asubuhi, baada ya vipindi, kabla ya kulala. Dakika mbili zinatosha. Aandike nini kilikuwa kinatokea, mwili unasemaje (koo limekaba, taya limekazwa, tumbo linavuruga), hisia inaitwaje, nguvu yake kutoka 0 hadi 10, na alitamani kufanya nini wakati ule. Aendelee kwa wiki mbili. Baada ya hapo asome yote kwa mkupuo, na mfuatano utajionyesha: hasira zote ziko saa kumi jioni kabla hajala, au wasiwasi wote uko kwenye somo moja.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuandika "niko stress" kila siku. Hilo neno halisaidii kitu, kwa sababu halimwambii mtu afanye nini. Kiswahili kina akiba kubwa, waitumie. Hofu ina kitu unachokiona mbele yako. Wasiwasi unazunguka jambo ambalo bado halijatokea. Aibu inakufanya utake kujificha, ila majuto yanakusukuma ukarekebishe ulichoharibu. Kero ni ya leo, itapita. Kinyongo kimelala muda mrefu, na hakiishi bila mazungumzo. Anayejua kwamba alichonacho ni kinyongo hapotezi muda kusubiri kipoe chenyewe.

La pili ni kuandika wazo mahali pa hisia. "Nahisi wananidharau" ni wazo kuhusu watu wengine, na huenda si kweli. Hisia iliyo chini yake inaweza kuwa fedheha, upweke, au wivu. Kuna utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake wa mwaka 2007: watu walipoitaja kwa neno hisia waliyoiona kwenye picha ya uso, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari, ilipunguza kuwaka. Kwa hiyo kule kutaja tu kunapunguza makali, hata kabla hujafanya kingine.

ticha_saikolojia:
Mimi nichukue la mtihani.

Woga kidogo unasaidia, na wanafunzi waambiwe hivyo wazi. Tangu utafiti wa Yerkes na Dodson mwaka 1908 inajulikana kwamba msisimko ukizidi kiasi, kazi ngumu ndiyo inayoharibika kwanza. Sababu ya kichwa "kufutika" ni hii: kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile unayoitumia kushika tarakimu huku unakokotoa, ina nafasi ndogo. Wasiwasi ("nikifeli bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, litakatwa, nyumbani nitasema nini") unakalia nafasi hiyo hiyo. Ulichosoma kipo, ila kimekosa mahali pa kutokea.

Kwa hiyo wasiwasi utolewe kabla ya kuingia. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliwapa wanafunzi dakika 10 za kuandika waziwazi wanachokiogopa kuhusu mtihani uliokuwa mbele yao, na wale wenye wasiwasi mwingi walifanya vizuri zaidi. Ni rahisi: karatasi, kalamu, dakika 10, kaa kwenye ngazi au chini ya mti, andika kila kinachokutisha bila kupamba, kisha chana utupe. Usiandike notisi wala fomula, hapo utakuwa umerudi kwenye kukariri.

Kupumua kunasaidia, ila wengi wanapumua vibaya. Wanavuta hewa nyingi kwa haraka, kabonidaioksaidi kwenye damu inashuka, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachonyota, basi wanadhani hali imezidi. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 10, hivyo dakika tano ni mizunguko 30. Muhimu ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wafanye mazoezi kila siku wakiwa watulivu, kwa sababu anayejaribu mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha mtihani hatafika mbali.

Acheni pia kumwambia mtu "tulia". Mwili ulioshapanda haushuki kwa amri. Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba wanaojiambia kwa sauti kuwa wana hamu ya kuanza hufanya vizuri kuliko wanaojiambia watulie, kwa sababu moyo kwenda mbio kunaafikiana na hamu kuliko utulivu. Mwanafunzi aseme: "Nimepania, niko tayari."

Sasa dakika tano za kwanza ndani ya chumba, hapa ndipo mambo yanapoharibika. Karatasi ibaki imelala mpaka msimamizi aruhusu, nyayo zikanyage sakafu. Ukiruhusiwa, geuza ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha majibu, andika "kazi ya pembeni", umwage fomula na vifupisho vyote unavyoogopa kusahau. Baadaye upige mstari juu yake. Pitia maswali yote mara moja bila kujibu, weka alama ndogo kwenye unayoyaweza. Anza na rahisi kuliko yote, hata kama ni la alama tano. Swali likigoma kwa dakika mbili, acha nafasi, ruka. Wanaoganda kwenye swali la kwanza hulitazama mpaka hofu inahamia kwenye maswali mengine yote.

Tena: vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa ya kukesha vinapandisha mapigo ya moyo na kutetemesha mikono, na mtu anavisoma kama dalili za hofu. Usingizi wa muda wa saa saba unamfaa kuliko sura moja ya ziada.

kaka_mpatanishi:
La WhatsApp naomba nilijibu mimi.

Kuna imani kwamba hasira itolewe, uipigie kelele, uimwage kwenye voice note ndiyo ikuishe. Si kweli. Brad Bushman alilijaribu mwaka 2002: waliopiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya kitu. Kumwaga ni kuchochea.

Saa tano usiku, umefungua faili la kundi, sehemu ya mwenzako ni tupu. Kwanza simu iwekwe kifudifudi, mbali na mkono. Tembea dakika 20 au kafue nguo, ila usiendelee kujirudia kichwani yale utakayomwambia, maana hapo ndipo moto unapopuliziwa. Ukirudi andika kwenye karatasi mambo matatu: nini kimetokea kweli (sehemu ya tatu haipo, tunakusanya kesho saa nne), nadhani kwa nini (hiyo ni dhana tu, iandike kama dhana), na nahitaji nini kabla ya kulala. Ndipo umwandikie yeye peke yake, si kwenye grupu. Mtu akiguswa mbele ya watu kumi anatetea heshima yake, kazi anaisahau.

Ujumbe unaoharibu: "Wewe kila siku ni hivyo hivyo, huna aibu, unataka tufeli wote?" Ujumbe unaofanya kazi: "Habari yako Asha. Nimeona sehemu ya tatu bado haijaingia na tunakusanya kesho saa nne. Nina wasiwasi tutachelewa. Kuna kilichokukwamisha? Unaweza kutuma ulichonacho kufikia saa sita usiku, au nianze mimi utangulizi wewe umalizie jedwali?" Angalia vilivyomo: salamu, jambo lililotokea, hisia yangu mimi, swali la kweli, na njia mbili za kuchagua. "Kila siku" na "kamwe" hayamo, kwa sababu mtu atatafuta siku moja aliyofanya vizuri na ubishi utahamia huko.

Lile swali la kilichokukwamisha uliulize ukitaka jibu. Bumu limechelewa, bando limeisha, mgonjwa yuko nyumbani, au hajaielewa kazi na anaona haya kusema. Wengi wanaoonekana wavivu wako kwenye hilo la mwisho.

Na mpango uwekwe mapema kwa muundo wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi". Peter Gollwitzer ameufanyia utafiti wa miaka mingi, na unafanya kazi kuliko nia tupu. "Nikijikuta naandika kwa herufi kubwa, nitafunga WhatsApp mpaka nimalize kunywa glasi ya maji." Kundi nalo likubaliane kwenye kikao cha kwanza: kila sehemu iingie siku mbili kabla ya tarehe ya kukusanya.

dada_nuru:
Niongezee la tatu, la matokeo, na niwapinge kidogo wale wanaofundisha kujikaza kisabuni. James Gross ameonyesha tofauti kati ya kuificha hisia usoni na kulitazama jambo upya. Anayeficha, uso unatulia lakini mwili bado uko juu. Na utafiti alioufanya na Jane Richards, uliotoka mwaka 2000, ulionyesha kwamba kuficha kunapunguza hata kumbukumbu ya yale yaliyokuwa yanaendelea wakati ule. Mwanafunzi anayejikaza darasani anakosa somo la siku hiyo pia. Wavulana ndio wanaoumia zaidi hapa, kwa sababu hawajaruhusiwa njia nyingine.

Siku ya matokeo aruhusiwe kuhuzunika. Alie kama kilio kipo, ale, alale. Kesho yake achukue karatasi iliyosahihishwa, dakika 15 kwenye saa, agawe alama alizopoteza kwenye mafungu matatu: sikulijua, nililijua nikakosea haraka, sikulielewa swali. Kila fungu lina dawa yake. Dakika 15 zikiisha afunge. Swali la "kwa nini mimi?" halina mwisho, mtu analizungusha usiku kucha, swali la "nini kilitokea kwenye swali la nne?" lina jibu. Ajiandikie kwa jina lake, kama anamshauri rafiki: "Juma, swali la nne hukulielewa, kesho saa nane nenda ofisini kwa mwalimu." Ethan Kross na wenzake wamegundua kwamba kujisemesha kwa jina kunampa mtu umbali wa kufikiri.

Sasa jambo ambalo waelimishaji rika lazima walijue. Siku tatu za huzuni ni za kawaida. Zikifika wiki mbili mfululizo, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, hana hamu na chochote, hiyo haihitaji tena daftari. Mpelekeni kwa Mshauri wa Wanafunzi au hospitali. Akisema hana haja ya kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, na msimwahidi siri kwenye hilo. Kwa walio chini ya miaka 18, Tanzania na Kenya kuna namba ya msaada kwa watoto, 116, haina malipo.

mwelimisha_rika_dom:
Asanteni sana, hii ndiyo niliyoitafuta. Nina dakika 45 na watu kama 60. Nichague nini?

mnasihi_wa_zamu:
Usibebe yote. Dakika 10 za kutaja hisia, kila mtu na karatasi yake, na msimwombe yeyote asimame asome. Kwa watu 60 wasiojuana hiyo inafunga midomo ya wote. Dakika 10 za kupumua na kuandika wasiwasi, wafanye kweli, msieleze tu. Dakika 15 wakae wawili wawili waandike upya ujumbe mbaya wa WhatsApp ambao mmeutunga nyinyi, si wa grupu lao. Zinazobaki elezeni Mshauri wa Wanafunzi yuko jengo gani, mlango gani, saa ngapi, na kama mtu anaweza kuingia bila miadi. Hilo la mlango mkalithibitishe kwa miguu yenu kabla ya siku, maana mwanafunzi aliyekata tamaa akifika akakuta pamefungwa hatarudi mara ya pili.