Kwa nini benzini haimo katika Mkataba wa Stockholm?

Mwanafunzi_Kemia
Salaam wanajukwaa. Ninasoma kuhusu misombo ya kikaboni yenye sumu na kuna jambo linalonitatiza. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka benzini, kimiminika cha viwandani kilichomo pia katika petroli, katika Kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, ilhali DDT, dawa ya kuua wadudu, imo katika Kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea vinaisababisha. Hata hivyo, iliyobanwa na Mkataba wa Stockholm ni DDT, na benzini inaendelea kutengenezwa kwa wingi viwandani. Mantiki yake ni ipi?

MzeeWaMaabara
Ndugu, mantiki ipo, ila unalinganisha majibu ya maswali mawili tofauti. Makundi ya saratani hupima uzito wa ushahidi, wala hayasemi ni kiasi gani cha kitu kinachodhuru. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, unashughulikia vichafuzi vya kikaboni vinavyodumu, si kila sumu. Kabla ya kuorodhesha msombo, wataalamu huchunguza kama nusu yake huchukua zaidi ya miezi 2 kuoza majini au zaidi ya miezi 6 udongoni, kama hujilimbikiza katika viumbe, kama husafiri mbali na ulikotoka, na kama unadhuru.

Benzini hukwama hasa kwenye ulimbikizaji. Hapo hutazamwa jinsi msombo unavyojigawa kati ya oktanoli, inayowakilisha mafuta ya mwili, na maji. Logi ya uwiano huo, yaani kipeo cha 10 kinachoutoa, inatakiwa kuzidi 5. Ya benzini ni takriban 2.1, ya DDT inapita 6. Ndiyo maana DDT hukaa katika mafuta, huongezeka kila kiumbe kimoja kinapoliwa na kingine, na imepatikana hata katika maziwa ya mama, wakati benzini huvukizwa upesi na iliyobaki huliwa na bakteria penye oksijeni ya kutosha.

Mdhibiti
Nakubaliana na mzee, lakini kutokuwemo katika mkataba huo si kuachwa huru. Benzini hudhibitiwa pale inapomfikia mtu: Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 1 ya ujazo wa petroli, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. DDT nayo haikufutwa kabisa. Aldrini na endrini, nazo dawa za kuua wadudu, zimo katika Kiambatisho A cha mkataba, cha kuondolewa. DDT imo katika B, cha kuwekewa mipaka, kwa sababu bado inaruhusiwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Dioksini zimo katika C, kwa kuwa hakuna anayezitengeneza kwa kukusudia, hivyo kinachodhibitiwa ni uchomaji na michakato ya viwandani inayozizalisha.

Mwanafunzi_Kemia
Nashukuru sana. Basi alama ya fuvu kwenye chupa inafuata mfumo upi?

MzeeWaMaabara
Huo ni mfumo wa tatu, wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuweka lebo kemikali. Fuvu huonyesha sumu inayoua kwa muda mfupi. Kwa njia ya kumeza, huwekwa pale dozi inayoua nusu ya wanyama wa majaribio isipozidi miligramu 300 kwa kilo ya uzito wa mwili. Benzini haifikii ukali huo, kwa hiyo chupa yake haina fuvu, bali ina picha ya kifua cha mtu chenye nyota, alama ya madhara ya muda mrefu kama saratani. Nimewahi kuona vijana wakiifungua juu ya meza, nje ya kabati la kufyonza mvuke, kwa sababu tu hawakuliona fuvu.