Naomba ushauri: "practice" au "practise" kwenye barua ya kazi?

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, naandika barua ya kuomba kazi Uingereza na nimekwama kwenye herufi moja. Nimeandika "I am licensed to practise", kompyuta ikapiga mstari mwekundu chini ya "practise". Nikiweka c, mstari unapotea.

Shuleni tulifundishwa "advice" ni nomino, "advise" ni kitenzi, na hapo sikio linakusaidia. Lakini haya mawili yanatamkwa sawasawa kabisa! Kamusi inasema Waingereza huandika c kwa nomino na s kwa kitenzi, ila Wamarekani huweka c kote. Kucheki, kumbe kompyuta yangu imewekwa Kiingereza cha Marekani. Nimeibadilisha, sasa inakubali yote mawili na bado sina amani, maana barua hii nataka iende safi.

Naomba kuuliza: kwenye "experience in practising", ambapo neno linakaa kama nomino, s inabaki? Na kwa kuwa nomino ya Waingereza ni "licence", "licensed" yangu ni sahihi au nayo inataka c? Natuma keshokutwa. Asanteni sana.